Mama, saratani na maombi yetu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tangu mama aanze matibabu, simu yangu haijapumzika. Anapiga mama wa jumuiya, anapiga binamu wa Kongwa ambaye jirani yake "ana shida kama ya mama yenu", ananisimamisha mtu soko la Majengo hapa Dodoma nikiwa na nyanya mkononi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja, anayeuliza nimtumie asome. Mimi si daktari wala mchungaji. Ni mtoto wa pili kati ya wanne, familia ya Kigogo, Waanglikana kwa upande wa baba, na mama yetu mdogo aliyeolewa Kondoa ni Mwislamu. Mama ameruhusu niandike kwa masharti mawili: nisimtaje jina na nisimfanye mtakatifu.

Mlijuaje kuwa ni saratani?

Hatukujua. Mama ndiye aliyejua kwamba kuna kitu, akanyamaza miezi saba. Alikuwa na miaka 61, hedhi ilikoma zamani, halafu akaanza kuona damu. Matone, kisha zaidi ya matone, kisha maji maji yenye harufu. Kwetu mama mtu mzima hasemi habari za huko mbele ya watoto aliowazaa. Alimwambia mdogo wake tu, naye akaapishwa asiseme.

Alipokwenda kituo kimoja cha afya, ambacho sikitaji, alipewa dawa za U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo. Akarudi, akapewa tena. Akarudi mara ya tatu. Mara zote tatu hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Hilo bado linanikaa rohoni, na ndiyo maana nalisema mapema: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, au ambaye bado anapata hedhi akatokwa damu baada ya tendo la ndoa, asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge kabla mlango wa kizazi haujaangaliwa. Aone haya akishapona.

Mwisho mama mdogo alivunja kiapo akampigia dada yetu mkubwa. Wiki hiyo hiyo tulimpeleka hospitali nyingine, daktari akamwangalia kama dakika kumi, akachukua kinyama cha kupimwa maabara. Majibu ya kinyama yalichukua wiki tatu. Saratani ya mlango wa kizazi. Vikafuata vipimo vingine: utrasaundi, figo, picha ya kifua, wingi wa damu, na VVU, ambacho hupimwa kwa kila mgonjwa wa namna hii, kwa hiyo msishtuke mkiambiwa. Ilikuwa imeshatoka kidogo pembeni ya mlango wa kizazi lakini haijasambaa mbali. Wao waliandika hatua ya pili B. Ikifika hapo hawapasui. Tiba ni mionzi pamoja na dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Alipata wapi? Ni laana? Karogwa?

Saratani hii karibu yote inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, kinachopita kwa kujamiiana. Watu wengi mno hukutana nacho wakati fulani maishani, na mwili wa wengi hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na huchukua miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini kufanya kazi yake. Wanawake wanaoishi na VVU hatari yao ni kama mara sita zaidi. Kwa hiyo anayetafuta "nani alimpa" anachimba kaburi la miaka ishirini.

Shangazi yetu mmoja alilianzisha swali hili sebuleni, watu wamekaa. Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamjibu bila kuinua sauti: "Labda kwangu." Shangazi akaomba maji ya kunywa. Halijaulizwa tena.

Kama mnaamini Mungu anaponya, hospitali ya nini?

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliulizwa hili na ndugu yake wa tumbo moja. Akamuuliza: "Ukiomba mvua, jembe unatupa?" Kwa mtu wa Dodoma swali hilo linatosha. Hapa tunaomba mvua kwa machozi kuliko mkoa wowote, na shamba tunalitifua mapema, kabla wingu halijaonekana.

Lakini sitaki kulipita haraka, maana familia yetu ilishawahi kuteleza. Wenye umri wangu mnakumbuka mwaka 2011, Loliondo, kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Nchi nzima ilikuwa barabarani. Sina neno baya juu ya yule mzee, alishafariki mwaka 2021. Ninachokumbuka ni waliorudi wakaacha dawa zao za kisukari na za VVU kwa sababu wameshakunywa kikombe. Bibi yetu alikuwa mmoja wao, upande wa kisukari. Aliacha kwa kuamini, si kwa uzembe, na mama ndiye aliyemuuguza mguu mpaka mwisho. Kwa hiyo siku daktari aliposema neno saratani, mama alitangulia kusema, kabla yetu sote: "Nitaombewa, na nitatibiwa. Msinichagulie moja."

Kilichobadilika ni maombi yenyewe. Zamani tulikuwa tunaomba kwa jumla: Bwana utulinde, Bwana utubariki. Sasa maombi yakawa na tarehe na saa. Bwana, Jumatatu mashine isiharibike. Bwana, mshipa upatikane mara ya kwanza. Bwana, kreatinini, kile kipimo cha figo, ishuke. Mama mdogo kule Kondoa alijifunza neno kreatinini, akaliingiza kwenye dua zake za alfajiri, na mpaka leo nadhani yeye ndiye mtu pekee kule Kondoa anayelitamka kama lilivyoandikwa.

Kuna mtumishi amesema mgonjwa wetu ameshapona. Aache mionzi?

Asiache.

Hili lilitukuta wiki ya tatu. Ndugu mmoja alipiga simu kwamba kuna mkutano mkubwa wa injili, siku nne, mama aletwe haraka, mtumishi amemuona katika maono akiwa mzima. Na kweli mama alikuwa anajisikia nafuu, damu ilikuwa imekatika. Hapo ndipo penye mtego: damu hukatika mapema, saratani bado ipo. Muuguzi alitueleza kwamba matibabu haya yote, mionzi ya nje na ya ndani, yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane hivi. Ukiyakatakata, seli zilizobaki zinapata nafasi ya kujijenga na uwezekano wa kupona unapungua. Siku nne za mkutano, safari ya kwenda na kurudi, uchovu, zingekuwa wiki nzima.

Tulimpigia mchungaji wetu. Akasema mama atatoa ushuhuda akimaliza, Mungu hana haraka ya ushuhuda. Dada yangu, ambaye ni mkali kuliko mimi, ana njia yake: mtumishi yeyote anayesema mgonjwa aache dawa, mwombe aliandike kwenye karatasi, aweke jina na sahihi na namba ya simu. Hajapata karatasi hata moja.

Nikiri kwamba mkesha wa maombi tulifanya. Tuliufanya nyumbani, usiku wa Ijumaa, mama akiwa Dar es Salaam amelala, na hakuna aliyemwamsha kwa simu ili "aungane nasi".

Kwa nini Dar es Salaam wakati Dodoma kuna hospitali kubwa?

Vipimo vingi tulimaliza hapa hapa, hata kuongezewa damu. Mionzi ndiyo tuliandikiwa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Watu wa Kanda ya Ziwa huenda Bugando, Mwanza. Kama wako ameandikiwa kwingine, afuate cheti chake, asifuate cha mama yangu.

Tulikwenda kwa treni ya SGR, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Safari inachukua karibu saa nne, choo kipo, barabara haitikisi tumbo. Kwa mgonjwa anayetokwa damu, basi la siku nzima na treni hiyo si kitu kimoja. Kateni tiketi mapema, Ijumaa na Jumapili zinajaa.

Matibabu yenyewe yanakuwaje?

Kwa mama ilikuwa hivi. Mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Unalala chini ya mashine dakika chache, haiumi, huoni kitu. Kazi ni kungoja zamu. Walimchora alama za wino kwenye nyonga ili mashine ilenge pale pale kila siku, na hizo hazisuguliwi kwa dodoki hata kama zinakukera. Kabla ya zamu anakunywa maji kibofu kijae, kwa hiyo kuna ustadi wa kukadiria foleni: ukinywa mapema unaumia, ukichelewa unarudishwa benchi.

Mara moja kwa wiki, dripu ya kemo iitwayo sisiplatini, na maji mengi ya mshipani, kwa sababu dawa hiyo ni kali kwa figo. Kila kabla ya dripu damu inapimwa. Mara mbili kwa mama waliahirisha dripu kwa sababu vipimo havikuwa vizuri, mionzi ikaendelea. Tulilia mara ya kwanza. Mara ya pili tulikwenda kununua chungwa.

Mwisho kabisa mionzi ya ndani, ambapo kifaa kinaingizwa ukeni mpaka mlango wa kizazi, mionzi inatolewa kwa karibu, kisha kifaa kinaondolewa. Wanampa dawa ya maumivu. Mama anasema hiyo ndiyo iliyomdhalilisha kuliko zote, na kwamba muuguzi aliyemshika mkono muda wote ndiye anayemwombea kwa jina hadi leo.

Akitoka kwenye mionzi anaweza kukaa na watoto wadogo?

Anaweza. Mionzi haibaki mwilini mwake kwa matibabu ya aina hii, na saratani haiambukizi kwa kikombe wala shuka. Tulikuwa na mjukuu wa miaka mitatu aliyezuiwa na majirani asimkaribie bibi yake. Huo ulikuwa ukatili wa bure.

Mbona nywele zake hazikutoka? Mna hakika ni saratani?

Mmoja aliuliza hivi kwa sauti, kanisani. Kemo ziko nyingi. Aliyopewa mama kwa kipimo kile kwa kawaida hainyonyoi kichwa. Inachosha, inatia kichefuchefu, inaweza kuvumisha masikio. Ukitaka kumpima mgonjwa kwa nywele utachanga kwa wasio wagonjwa.

Pesa mlipata wapi?

Kwanza msiuze kitu. Baba alikuwa tayari kuuza robo eka ya zabibu Hombolo, mnunuzi ameshapatikana, bei ya mtu mwenye shida. Kilichomzuia ni kaka, aliyesema tumwone kwanza afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi hiyo ipo, watu wengi wanaipita wakidhani ni ya watoto wa mitaani. Mnaeleza hali yenu bila kuongeza chumvi, mnapeleka barua ya serikali ya mtaa, na wao ndio wanaopima nani asamehewe na kwa kiasi gani. Sehemu ya gharama zetu ilipunguzwa hapo.

Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ilitusaidia katika vipimo vya mwanzo, lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya mkoa. Ukivuka hapo ulikuwa peke yako. Mwenye bima kubwa aulize kabla ya safari, kwa maandishi, ni nini kimo na nini hakimo.

Hospitali kumbe siyo inayomaliza pesa. Ni chumba, chakula, nauli ya kila siku, pedi, simu, na yule ndugu anayekuja kusalimia akafikia kwenu siku tano. Tulianzisha kundi la WhatsApp la michango, kaka akawa mweka hazina, na kila Ijumaa jioni anaweka hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, hata cha vitunguu. Watu walichanga zaidi walipoona hesabu ya vitunguu. Kanisa lilitoa bahasha Jumapili mbili. Msikiti wa mama mdogo nao ukatoa, na baba alikwenda mwenyewe Kondoa kushukuru.

Kuna mchango mwingine ambao watu hawauhesabu. Damu ya mama ilikuwa chini, na bila damu ya kutosha mionzi haifanyi kazi vizuri. Vijana wa kwaya walikwenda kutoa, kumi na mmoja, saba wakafaa. Mtoaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu. Mwalimu wa kwaya alikuwa na kilo 48, akaona aibu kuliko siku aliyokosea ufunguo wakati wa Pasaka.

Nani anakaa na mgonjwa?

Mmoja kwa wakati mmoja, kwa zamu, na zamu iandikwe. Sisi tulipanga chumba Kigamboni karibu na kivuko, kwa kuwa ukishuka upande wa Magogoni, Ocean Road iko pale pale ukifuata bahari. Dada wiki mbili, mimi wiki mbili, mke wa kaka zilizobaki. Kila anayepokea zamu anakabidhiwa daftari: dawa gani, saa ngapi, amekula nini, choo, joto, daktari amesema nini. Usitegemee kichwa. Wiki ya pili kichwa hakina kitu.

Mama hakuwahi kuvuka bahari. Siku ya kwanza kwenye kivuko alishika chuma kwa mikono miwili akasali kwa Kigogo kwa sauti mpaka Magogoni, na abiria mmoja aliyekuwa pembeni akasema amina kila alipotua. Alikuwa anaogopa maji kuliko saratani. Shilingi 200 kwenda, 200 kurudi, siku tano kwa wiki. Kufikia wiki ya nne alikuwa anatuambia sisi tushike vizuri.

Na baba? Baba alibaki Dodoma na mifugo, akipiga simu saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hakuwa na cha kusema. Anauliza umekulaje, anatulia, anasema haya. Mama alikuwa anaingoja ile simu kuliko maombi yangu marefu.

Alikuwa anakula nini?

Wiki mbili za kwanza, kichefuchefu. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kwa saa yake hata kama hajisikii kutapika. Akishatapika umechelewa. Ugali ulimshinda, nyama ikawa inanuka chuma. Alichoweza ni uji mwembamba wa uwele uliopozwa, vijiko vichache kila baada ya muda, na mlenda mkavu tuliotoka nao nyumbani, kwa sababu unateleza wenyewe.

Wiki ya tatu mionzi ikafika kwenye utumbo, akaanza kuharisha. Muuguzi akasema apunguze maharage, maziwa na mboga za majani kwa muda. Na mlenda? Na mlenda. Mwambie Mgogo asile mlenda! Alinuna siku mbili akasema hospitali imeanza kumtesa rasmi. Tukahamia wali laini, ndizi, viazi, mtori mwepesi, na ORS kwa wingi. Baada ya matibabu kuisha, mwezi mmoja baadaye, mlenda ulirudi mezani na hakuna aliyebisha.

Ubuyu anaupenda, na siku ambazo mdomo ulikuwa na ladha ya chuma maji ya ubuyu yalimsaidia. Mdomo ukiwa na vidonda usithubutu, unachoma. Sukutua kwa maji ya chumvi kidogo.

Anaweza kufunga?

Hapana, si wakati wa matibabu. Kwaresima ilimkuta kwenye dripu na mama ni mtu wa kufunga tangu usichana. Mchungaji alimwambia afunge kulalamika, na hiyo ikawa ngumu zaidi. Mama mdogo naye alimkumbusha kwamba Ramadhani yenyewe inamruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, sembuse Kwaresima. Figo zinahitaji maji. Wanaotaka kufunga wafunge wao kwa niaba yake, na wasimwambie wamefunga siku ngapi kana kwamba anadaiwa.

Akipata homa usiku?

Nunueni kipimajoto, si mkono kwenye paji la uso. Nyuzi 38 na kuendelea kwa mtu aliye kwenye kemo ni kwenda hospitali usiku huo huo, kwa sababu kinga imeshuka na maambukizi yanakimbia. Msimpe panadol mkalala. Msianze na maombi ya masaa mawili. Ombeni mkiwa kwenye bajaji.

Tumeletewa mitishamba. Tumchanganyie?

Hapana. Kitu ambacho hujui kinafanya nini kwenye figo usikiweke juu ya dawa inayobana figo. Aliyeleta mshukuru, pokea kwa mikono miwili, weka kabatini, na mwambie daktari mlicholetewa. Sisi tulifikisha chupa sita, moja ikafura na kupasuka.

Wageni wanaokuja kuombea tuwapangeje?

Hapa ndipo nilipopata maadui. Alipokuja mapumziko nyumbani Nkuhungu, watu walianza kufika saa kumi na mbili asubuhi, wa mwisho saa nne usiku, kila kundi na wimbo wake na mahubiri yake. Mgonjwa anakaa kitako kuwapokea, anajikaza, anaitikia "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, kwa kila mmoja, anatengewa kiti cha mbele kama bibi harusi. Wakiondoka analala bila kula.

Tukabandika karatasi mlangoni: saa kumi hadi kumi na moja na nusu jioni, watu wasiozidi watano, mwenye mafua asubiri. Shangazi alisema tumekuwa Wazungu. Mchungaji akaitangaza karatasi ile ibadani kama yake, na hapo ikatii. Kama kiongozi wa dini yenu hawezi kuwasaidia kitu kingine, awasaidie hilo.

Kinachosaidia: mtu anayekuja akachota maji akaondoka. Anayekwenda kliniki kushika foleni. Mama mmoja wa umoja wa akina mama alikuja kila Alhamisi kufua shuka, hakuwahi kuomba kwa sauti hata siku moja.

Kisichosaidia: "Shangazi yangu naye alikuwa na hiyo hiyo, alifariki mwezi wa tano."

Mwambieni mgonjwa ukweli, au mfiche?

Kaka alitaka tufiche, tuseme ni uvimbe. Mama alitusikiliza tukihangaika na neno uvimbe, akasema: "Nimesoma bango la Ocean Road, wanangu. Limeandikwa saratani." Mjinga alikuwa nani?

Maumivu, je? Wanasema mofini ni ya wanaokufa.

Kuna wiki ambapo kiuno kilimuuma hata hakulala. Alipewa mofini ya maji kwenye chupa, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga tumbo. Aliitumia wiki mbili hivi, maumivu yakapungua kadiri uvimbe ulivyonywea, daktari akampunguzia taratibu akaacha. Hakuwa teja, hakufa. Kuna watu wacha Mungu wanaoamini kuvumilia maumivu ni sehemu ya ibada. Sijaona mtu anayesali vizuri meno yakiwa yameumana.

Na mambo ya ndoa baadaye?

Ulizeni, waliomaliza matibabu. Mionzi hukausha na kubana uke. Kuna kifaa laini cha kutanulia na maelekezo ya kukitumia, wauguzi wanaeleza wakiulizwa, hata kwa asiyekutana na mumewe, kwa sababu bila hivyo uchunguzi wa baadaye unakuwa wa maumivu. Mama hakuuliza. Aliuliza mke wa kaka, kwa niaba yake, na akaambiwa yote. Baba alikuwa wapi siku hiyo hainihusu.

Sisi mabinti zake tufanye nini?

Hii siyo saratani inayorithiwa kama shamba, lakini sote tulikwenda kupima. Kipimo cha siki: wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye mabadiliko panageuka peupe, na mara nyingi panatibiwa siku hiyo hiyo kabla hapajawa saratani. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio hasa wanaoitwa. Dakika chache, aibu kidogo. Dada yetu mdogo alikutwa na kidoa, kikatibiwa, akarudi kazini mchana.

Binti zetu wadogo wapate chanjo ya HPV. Ilianza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14, bure, mashuleni na vituoni. Uvumi kwamba inafunga uzazi uliletwa hata kwenye kundi letu la michango. Aliyeutuma alijibiwa na mama mwenyewe, kwa sauti ya dakika tatu, siwezi kuirudia hapa.

Hamkuwahi kumkasirikia Mungu?

Mimi nilikasirika. Kuna Jumatano mashine ilikuwa kwenye matengenezo, tumeshavuka maji, kibofu kimejaa, mama amekaa kwenye ukuta anaangalia bahari. Nikamwambia sielewi kwa nini mtu aliyefagia kanisa miaka thelathini apate hili. Akaniambia yeye alifagia kwa sababu kulikuwa na vumbi. Si jibu nililolitaka. Mpaka leo sijalipata jingine, na kuna Jumapili ninakaa kimya wimbo ukiimbwa, nikingoja wengine waimbe kwa niaba yangu. Wanaimba.

Mama yuko wapi sasa?

Nyumbani. Amemaliza, ukaguzi wa mwisho haukuona kitu, na anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Bado anachoka upesi na kuna siku choo kinamsumbua. Neno "amepona" madaktari hawajalisema, kwa hiyo sisi nasi hatulitangazi, ijapokuwa yeye anapalilia kana kwamba ameshaambiwa.

Kliniki ijayo tutafikia kwa binamu Tabata, hakuna haja ya kuvuka maji. Mama ameshasema atavuka, kwenda na kurudi tu, halafu ndiyo tumpeleke hospitali. Shilingi 400 atatoa mwenyewe.